Kwa Mwanangu Sekunda, wa Njia ya Sekunda

Mwanangu Sekunda,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si padre kwenye kitubio, si wewe uliyelala kitanda kimoja na mimi tangu tukiwa wadogo. Hakuna Sista Sekunda. Hakuwahi kuwepo. Yule mtawa anayesemekana aliutibu ukoo mzima wa katekista, ambaye watu wanasema ndiye mwenye jina lililo kwenye bango la njia yetu, na ambaye mwaka huu jumuiya imemwombea misa, mimi ndiye niliyemzaa. Nilimzaa kwa kunyamaza.

Usicheke kwanza. Najua unacheka.

Na usinune kwa kuwa nimeandika "mwanangu". Umenizidi miezi, najua, hunipi nafasi ya kusahau. Lakini mama yako ni dada yangu, na kwetu mdogo wa mama ni mama, hata kama bado anagombezwa kwa kuunguza mboga. Hilo sikulitunga mimi. Tena wewe ndiye unayelitumia kunichoma. Wageni wakija, hasa wageni vijana, unapiga goti mbele yangu kwa sauti ya kanisani: "Shikamoo, mama mdogo." Nami naitikia marahaba huku nikivitazama vidole vyangu vya miguu, wewe unakimbilia jikoni kufa kwa kicheko. Basi leo nalipiza. Leo anaandika mama.

Nimekaa sakafuni chumbani kwetu, mgongo nimeuegemeza kwenye begi lako ili mtu akiingia afikiri nahangaika na zipu. Kila mtu akipita koridoni naifunika karatasi kwa ungo, akishapita naifunua. Nje wanawake wa jumuiya wamejaa na masufuria yao, wanakaanga usipa, dagaa wetu wa ziwani, wanaimba nyimbo za harusi kwa sababu hakuna anayejua wimbo wa mtu anayekwenda chuo Iringa. Sasa hivi wanakuimbia kwamba bwana harusi amefika mlangoni, na nasikia unajibu, "Mkaribisheni, lakini aje na nauli!" Mambo ya soksi, dawa za malaria na kutopokea chakula cha mtu kwenye basi namwachia mama, yaani bibi yako. Ameshayasema yote, na kesho atayarudia basi la Mbinga likiwa linapiga honi. Dada, mama yako, naye amepiga simu kutoka Ngaka, anakowapikia madereva wa malori ya makaa ya mawe. Anasema atasimama barabarani na kanga nyekundu ili umwone dirishani. Mimi nimebakiwa na hili la njia, na nalisema leo kwa sababu akaunti yako imekwama juu yake.

Najua unayajua yote haya. Niache niyapange hivyo hivyo, nikiyapanga ndipo napata ujasiri.

Ile kampuni ya nje ilikukubali utafsiri maelekezo ya pampu za maji kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Jaribio lao tulilifanya humu humu, wewe ukitafsiri, mimi nikinyoosha Kiswahili, na mama akiwa mpimaji. Ulimsomea, "Zungusha koki kinyume cha mwendo wa saa." Akauliza, "Saa ya nani? Ya hapa ndani ilisimama zamani." Tukafuta, tukaandika, "Zungusha koki kuelekea kushoto." Akatikisa kichwa: "Hapo sasa hata mimi naifungua." Mpaka leo naamini kazi ile alikupatia mama.

Lakini kampuni inalipa kwa akaunti ya mtandaoni tu, na akaunti yenyewe inataka kujua mambo mawili: wewe ni nani, na unakaa wapi. Hapa kwetu hatujazoea kuulizwa hivyo. Sisi tunaulizana swali moja, "Wewe wa kwa nani?", na ukishajibu mtu anajua jina lako, nyumba yako, kanisa lako na kama ukoo wenu ni wavivu. Akaunti haiulizi wewe ni wa kwa nani. Inataka karatasi.

La kwanza lilipita vizuri. Namba ya kitambulisho cha taifa ilikubali. Uso nao ukakubali, baada ya simu kukuambia geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho, fumbua, mpaka mama akauliza, "Huyo anayekuamrisha ni daktari wa macho?"

La pili ndilo limetutoa jasho, na kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuambia ujaze sanduku la posta la parokia, kwa kuwa ndilo tuliloandika kwenye kila kitu tangu darasa la kwanza. Kijiji kizima tunaandika hilo. Jibu likarudi kwamba hapo si makazi, na kwamba watu wengine wengi wameshalitumia. Ukaniambia, "Mama mdogo, kwa hesabu za hawa, sisi wote tunalala kwa paroko." Tukapeleka risiti ya umeme. Mita ina jina la babu yako. Wakataka mwenye jina athibitishe kwamba unakaa kwake. Mama akaichukua simu, akaisogeza karibu na mdomo: "Mwambieni huyo mtu aje mwenyewe. Kaburi liko nyuma ya migomba, nitamwonyesha."

Halafu Mzee Salimu wa dukani, anayependa kutukumbusha kwamba babu zake walitoka Kilwa na kila karatasi mkononi, akatuonea huruma. "Wajukuu zangu, mbona mnajitesa? Fungueni kwa jina langu. Leseni ninayo, risiti ninazo, sura ninayo." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mimi nilikuwa tayari, nilishaanza kutafuta kalamu. Wewe ukamwambia, "Babu, nikifungua kwa jina lako, siku ukioa mke wa pili atasema hela ni zake." Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na alipoiokota akasema, "Kweli bwana, jina halikopeshwi."

Mwanangu, siku ile ulinifundisha wewe, ingawa kazi ya kufundisha ilikuwa yangu. Ulimkatalia mzee wa watu na akaondoka amefurahi. Mimi nakubali kila kitu kwa kuogopa kumvunja mtu moyo, kisha navunjika mimi. Nilikubali kuimba sauti ya kwanza kwaya nzima wakati sauti yangu ni ya tatu. Nilikubali kwa mwalimu wa Kiingereza kwamba nimeelewa, muhula mzima. Nina lugha mbili za shule na Kimpoto cha nyumbani, na ninajua kunyamaza kwa zote tatu.

Sasa njoo kwenye leo asubuhi.

Tulikuwa tumebakiwa na kitu kimoja cha kuonyesha, lile bamba la namba ya nyumba lililopigiliwa mlangoni, pamoja na bango la njia pale kona. Ukapigiwa simu ya video na kijana wa kukagua, Brayani, sauti ya Dar es Salaam kabisa, mpole. Ukamtembeza kutoka kwenye bango mpaka mlangoni, nasi wote tukikufuata kama maandamano ya Jumapili ya Matawi. Mimi nilipofika ndani nikajificha nyuma ya mlango na mwiko wangu.

"Dada," nikamsikia, "wewe unaitwa Sekunda."

"Ndiyo."

"Na mtaa unaitwa Sekunda."

"Ni somo wangu tu," ukasema unacheka. "Wanasema alikuwa Sista."

"Naelewa. Ila dada yangu, lile bango lina rangi mbichi. Nimeona hata tone linateremka."

Rangi ilikuwa mbichi kwa sababu mama aliipaka upya juzi, kwa heshima ya marehemu Sista, na leo alfajiri akaona haitoshi akaongeza. Nani angemweleza Brayani hivyo akaamini? Katekista akajitosa. Akamwambia Sista alikuwa Mjerumani. Mzee Salimu akasema yeye alisikia ni Mwitaliano. Katekista akasema alikuwa Mjerumani wa Italia. Mama, aliyezaliwa hapa na kuzeekea hapa, akasema, "Mimi binafsi sikuwahi kumwona, lakini dawa zake zilikuwa kali."

Brayani akacheka. Alicheka vizuri, si kwa dharau. Kisha akasema maneno yaliyonikausha nilipokuwa: "Jamani, mimi nawapenda wote, lakini nahitaji mtu mmoja tu anayejua jina hili lilitoka wapi. Mmoja anieleze mwanzo mpaka mwisho. Nitapiga tena leo jioni kabla sijafunga kazi. Bila hivyo nitalazimika kuandika kwamba anwani imetengenezwa."

Ulipokata simu hukulia. Ulisema tu, "Kesho nikishaondoka sina tena mlango wa kuwaonyesha. Bwenini hakuna mlango wa kwangu. Nitaanza upya, na kazi haitanisubiri." Halafu ukaenda kuwasaidia wanawake kuchambua mchele, ukaanza kuwatania. Mimi nilibaki nyuma ya mlango. Mtu mmoja anayejua alikuwa umbali wa ubao wa mlango kutoka kwako, na hakufungua mdomo.

Haya, sikia sasa.

Siku waliyokuja wale watu wa kuandika majina ya njia, usipa walikuwa wameingia kwa wingi na kijiji chote kilikuwa ufukweni na mabeseni. Mimi niliachwa kulinda kichanja, kuku wasile waliokauka. Nikaona wanaume watatu wenye vizibao vya kung'aa wanakuja, mwenyekiti wa kitongoji yuko mbele. Kumbuka nilikuwa kidato cha pili, na kwa mwanaume mgeni nilikuwa siwezi kujibu hata "karibu".

"Binti, hii njia mnaiitaje?"

Nikatazama vidole vya miguu. Njia haikuwa na jina. Tulisema tu "njia hii", na aliyekuwa upande wa pili akisema "njia ile".

Mmoja wao, mwenye kishikwambi mkononi, akaniinamia. "Kama haina jina si tatizo. Inaweza kuitwa jina la mti, la mlima, la mtu. Nani aliyeitengeneza?"

Ni hilo swali, Sekunda. Wangeniuliza lingine ningekaa kimya mpaka waondoke. Lakini waliniuliza nani aliyeitengeneza, na jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli.

Wewe umesahau, au unajifanya. Mimi sikusahau. Mama alipoteleza kwenye yale mawe akitoka zahanati, akavunjika mguu, hakukuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani isipokuwa hayo mawe. Tulikuwa bado shule ya msingi, likizo. Uliamka asubuhi ukachukua jembe la mama na panga, ukasema, "Bibi hatapita tena kwenye mawe." Nilidhani utachoka ifikapo saa nne. Hukuchoka. Ulikata kichaka, ukachimba mteremko, ukaweka ngazi za udongo ambazo mvua ilizibomoa, ukaziweka tena kwa mawe. Mimi nilibeba mawe mpaka wale wavulana wa darasa letu walipopita wakauliza kama tumeajiriwa na halmashauri. Nikaona haya, nikarudi ndani. Wewe ukawajibu, "Ndiyo, na nyie mnadaiwa kodi ya kupita!" Ukaendelea peke yako mpaka shule ilipofunguliwa. Mama alipoanza kutembea na fimbo, alipita pale. Baadaye wakapita majirani, zikapita bodaboda, likaja katapila likapanua. Watu wakadhani njia ilikuwepo tangu Mungu aumbe ziwa.

Basi nikamjibu yule mtu. Nilisema kwa sauti ndogo mno, lakini nilisema: "Sekunda."

"Sekunda. Jina zuri," akasema. Akaandika. Mwenyekiti hakuuliza ni Sekunda yupi. Wakaondoka, na kuku walikuwa wameshakula usipa wa nusu kichanja, nikagombezwa kwa hilo, na kwa kuwa nilikuwa nagombezwa niliona si wakati wa kusema lingine.

Bango lilipokuja, watu walisimama mbele yake wakishangaa. Nani angewaza msichana wa kidato cha pili? Hata mama, aliyekuona ukichimba, alidhani mabango huandikwa majina ya watu wakubwa tu. Katekista akasema bila wasiwasi, "Huyu atakuwa Sista." Siku ile ndiyo ilikuwa ya kusema. Nilifungua mdomo, naapa. Lakini niliwaza watasema tumejipachika jina, kwamba familia yetu inajiona. Niliwaza nitasema kesho. Kesho yake Sista alikuwa ameshapata nchi aliyotoka. Wiki iliyofuata alikuwa amemtibu mguu baba yake katekista. Kadiri nilivyochelewa alizidi kunenepa, mpaka akawa mtu mzito kuliko mimi, na mtoto kama mimi angemtoaje njiani?

Kama nina chochote cha kukupa uende nacho Iringa, ni hicho tu, na nimekipata kwa gharama ya mtawa mzima. Ukinyamaza, watu hawaliachi pengo. Wanalijaza. Wanalijaza kwa wema, kwa misa na kwa rangi mpya, na hawana kosa lolote. Usidhani nakwambia uwe msemaji. Wewe msemaji tangu ulipozaliwa, mkunga alisimulia. Nakwambia ukikutana na mtu kama mimi huko chuoni, amekaa pembeni anaangalia vidole, muulize swali ambalo jibu lake analo. Usimuulize "mbona huongei?" Muulize "nani aliyeitengeneza?" Utashangaa.

Na wakikuuliza wewe ni nani, kwenye simu au mbele ya dirisha la ofisi, jibu ulivyo hata kama ukweli unaonekana kama umetungwa. Uko hivyo ukweli mwingine. Wa kwako una rangi mbichi inayodondoka.

Nataka nikuambie na hili kabla jua halijagusa maji, maana nikianza kulia wanawake watajua nilikuwa huku. Usiihifadhi anwani hii kwa ajili yetu. Najua utataka. Ukipata chumba chako Iringa, chenye mlango, ubadilishe, uandike ya huko, na ukihamia pengine ubadilishe tena. Mimi nilikuwa naogopa siku utakapofuta kijiji chetu kwenye simu yako, ndiyo maana nimekuwa mkali wiki nzima, nakupokonya hata kijiko. Si hasira. Lakini njia haitoki mahali ilipo kwa sababu aliyeichimba amehama. Tutakuwa tunapita juu yake sisi, kila siku, na fimbo ya mama, na pikipiki ya Mzee Salimu, na katekista nitakayekuwa nimemfilisi hadithi yake nzuri. Huyo kwanza itabidi nimpikie kuku.

Nyimbo zimekatika ghafla nje. Mtu amesema "nyamazeni, nyamazeni." Nasikia jina la Brayani linatajwa, na katekista anasema, "Nipeni mimi, safari hii nimekumbuka vizuri, alikuwa Mwaustria." Mama anamwambia akae chini. Unauliza, "Mama mdogo yuko wapi?" Sijui umejuaje. Labda ulijua tangu asubuhi kwamba yupo mtu nyuma ya mlango.

Hizo nyayo koridoni ni zako, ndala moja imekuponyoka na hukurudi kuichukua. Naandika haraka mpaka mwandiko unapinda, utanisamehe. Nimeshaipanga sentensi ya kwanza kwa Kiswahili na, kama atataka, kwa Kiingereza pia: njia hii ilichimbwa na mtoto, nilikuwepo, nilibeba mawe.

Karatasi siifuniki. Naiacha juu ya begi lako, maandishi yakitazama juu, usome utakapotaka.

Sukuma mlango, mwanangu, haujafungwa. Nipe hiyo simu.